Kuchora maporomoko ya Nyahururu: maji yaanguke, korongo liingie ndani

Maporomoko yangu ya kwanza niliyachora kwenye ukuta wa hoteli ya chai na mandazi. Mwenye hoteli alitaka picha ya kupumzisha macho: mlima, msitu, maji yakiteremka. Nikapiga mstari mpana wa rangi nyeupe katikati ya kijani, nikautilia buluu pembeni, nikarudi nyuma hatua tatu nikajisifu. Yule mama akatoka jikoni na birika mkononi, akatazama kwa muda, akaniuliza, "Fundi, hilo taulo utalianua lini?"

Hakukosea. Nyeupe ilikuwa ileile toka juu hadi chini, miti ya mlimani ilikuwa na kijani kilekile cha majani ya mbele, na kila kitu kilikuwa kimebandikwa ukutani kama stempu kwenye bahasha. Tangu siku hiyo nimechora maporomoko mengi, na ninayoyarudia zaidi ni ya Thomson pale Nyahururu, Kenya, ambako mto Ewaso Narok unaanguka mita 74 ndani ya korongo lenye msitu. Jina lilitokana na Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huko mwaka 1883, lakini wenyeji na mto wao walikuwapo kabla yake na hatutamchora.

Hapa nakuonyesha mchoro mmoja wa mahali hapo, hatua kwa hatua, kwa rangi za akriliki, kwenye turubai ya sentimita 60 kwa 45 iliyosimama wima. Kama kwenu kuna maporomoko mengine, tumia hayo. Utaratibu ni uleule. Ila kuna jambo nitalirudia hadi unichoke: maji huonekana meupe kwa sababu ya giza la mwamba ulioyazunguka. Ukiyanyima giza, hata ukimaliza tyubu nzima ya nyeupe, utapata taulo.

Vifaa

Tyubu sita zinatosha: nyeupe, njano ya ndimu, njano ya udongo, nyekundu iliyokolea, buluu ya ultramarini, na ile kahawia nzito ya udongo uliochomwa. Nyeusi usinunue. Ukichanganya ultramarini na kahawia hiyo utapata weusi wenye uhai, unaoweza kuuvuta kuelekea ubaridi kwa kuongeza buluu au kuelekea joto kwa kuongeza kahawia. Nyeusi ya tyubu ikiingia kwenye kijani cha msitu, msitu unageuka masizi.

Brashi: moja bapa ya upana wa vidole viwili, moja bapa ya sentimita moja, moja nyembamba yenye ncha, na moja kuukuu iliyotawanyika nywele, ile uliyotaka kuitupa. Hiyo kuukuu ndiyo itakayochora manyunyu. Ongeza kisu cha rangi, matambara ya pamba, makopo mawili ya maji na chupa ya kupulizia maji, ya aina wanayotumia vinyozi.

Turubai iliyo tayari ni ghali. Mimi bado nanunua amerikani nzito, naivuta kwenye fremu ya mbao na kuipigilia nyuma kwa stepla, kuanzia katikati ya kila upande nikielekea kwenye pembe. Halafu naipaka mikono miwili ya rangi nyeupe ya maji ya ukutani, mkono wa kwanza mwepesi na wa pili mzito, na kila mkono ukikauka napitisha msasa laini. Wako watakaokwambia rangi ya ukutani haifai kabisa. Kwa kazi ya kuuza nje ya nchi watakuwa na hoja. Kwa kujifunzia, inafaa.

Hatua ya kwanza: amua umesimama wapi

Watu wengi huanza kwa kuuliza wachore nini. Anza kwa kuuliza jicho lako liko wapi, maana hilo linaamua umbo la kila kitu.

Nyahururu unaweza kuyatazama maji ukiwa juu, ng'ambo ya korongo, karibu usawa mmoja na ukingo yanakoangukia. Au unaweza kushuka ile njia ya mteremko mkali hadi chini, ambako mawe yana utelezi na nguo zinalowa kabla hujafungua begi. Ukiwa juu, mstari wa usawa wa macho uko juu kwenye turubai, na dimbwi la chini unaliona kama yai pana. Ukiwa chini, mstari huo unashuka, maji yanakuwa mnara juu ya kichwa chako, na lile dimbwi linabanwa hadi kuwa kama ufito. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kuchanganya haya mawili: ukingo umechorwa kwa jicho la aliye juu, dimbwi kwa jicho la aliye chini. Mtazamaji hatajua kuna nini, ila atahisi mchoro unamkataa.

Sisi tutasimama juu. Piga mstari hafifu wa penseli sentimita 17 kutoka juu ya turubai. Huo ndio usawa wa macho. Ukingo wa maporomoko uweke chini yake kidogo, kwenye sentimita 18, na maji yaguse chini kwenye sentimita 36. Yaweke upande wa kushoto, kama sentimita 17 kutoka ukingo wa turubai, yasikae katikati kabisa. Yakikaa katikati yanaigawa picha vipande viwili kama suruali.

Sasa hesabu ndogo ambayo itakuokoa baadaye. Maji yetu yana urefu wa sentimita 18 kwenye turubai na mita 74 kwa uhalisia. Kwa hiyo mtu wa kimo cha kawaida akisimama karibu na mahali maji yanapogota, kwenye turubai atakuwa na milimita nne tu. Mti wa mita 15 pale chini utakuwa na sentimita tatu na nusu hivi. Andika vipimo hivi pembeni kwa penseli. Mkono una tabia ya kukuza vitu unavyovipenda, na ukimchora mtu wa sentimita mbili pale chini, umeyapunguza maporomoko yako hadi mita 15 bila kujua.

Ukipiga picha kwa simu ili uchoree nyumbani, piga mbili. Simu huyaona maji kama taa na kuyafanya bapa jeupe lisilo na kitu ndani. Gusa maji kwenye kioo, piga. Gusa mwamba, piga tena. Ya kwanza itakupa maumbo ya maji, ya pili itakupa kilichomo kwenye kivuli. Kisha weka simu mfukoni, kaa robo saa uyatazame kwa macho tu. Chagua donge moja la maji pale juu na ulifuate kwa macho hadi chini. Ni kama sekunde nne, pengine zaidi kidogo. Utaona halitelezi kama kitambaa. Linapasuka, linachongoka chini kama kichwa cha mshale, linaacha mkia, linayeyuka kuwa moshi. Hicho ndicho utakachochora.

Hatua ya pili: ua weupe wa turubai

Changanya kahawia na buluu kidogo, zimua kwa maji, paka turubai nzima, kisha futa kwa tambara hadi ibaki rangi ya vumbi la barabarani. Kwenye turubai nyeupe huwezi kuona kama maji yako ni meupe, kwa sababu kila kitu kinachoyazunguka ni cheupe zaidi. Kwenye vumbi hili, tone moja la rangi nyepesi linawaka. Acha ikauke.

Chora mipaka mikubwa kwa brashi nyembamba na rangi nyepesi ya kahawia: mgongo wa vilima, mstari wa msitu wa ng'ambo, ukuta wa mwamba, njia ya maji, dimbwi, mto unaoondoka, na umbo la vichaka vya mbele. Majani na mawe subiri. Ukiwa na mistari zaidi ya kumi na mitano, umezidisha.

Hatua ya tatu: ngazi tano

Hapa ndipo kina kinapotengenezwa, kabla brashi haijagusa turubai.

Kwenye sahani, changanya vipande vitano vya kijivu. Ngazi ya 5 ni ultramarini na kahawia tupu, karibu nyeusi. Ngazi ya 1 ni nyeupe yenye tone la njano ya udongo. Katikati yake weka ya 2, ya 3 na ya 4, zikipishana sawasawa. Zipake kwenye kipande cha kadibodi na uziache zikauke, kwa sababu akriliki ikikauka hukolea kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi. Kadibodi hiyo itundike karibu na turubai. Utailinganisha na kila rangi utakayochanganya.

Halafu gawa mali. Anga na vilima vya mbali vinapewa ngazi ya 1 na ya 2, basi. Msitu wa ng'ambo, ya 2 na ya 3. Ukuta wa mwamba unaruhusiwa kufika ya 4. Vichaka vya mbele peke yake ndivyo vinavyogusa ya 5. Ukivunja sheria hii mahali pamoja, ukaweka jiwe la ngazi ya 5 kule mlimani, jiwe hilo litaruka na kuja kukaa puani mwako.

Sababu iko hewani, na pale Nyahururu hewa imejaa maji. Kati yako na kilima kuna kilomita za hewa yenye unyevu, na hewa hiyo inatawanya mwanga wa buluu kuelekea machoni pako. Kitu cheusi kikiwa mbali kinafunikwa na huo mwanga: kinakuwa chepesi, kinakuwa cha buluu, na kingo zake zinalainika. Kitu cheupe kikiwa mbali kinafanya kinyume kidogo, kinachuja na kupata joto la umanjano. Ndiyo maana wingu la mbali upeoni halina weupe wa wingu la utosini.

Si kila mchoro unahitaji haya. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa kwenye vipande vya hadibodi, aliweka mnyama wake mbele ya rangi moja tupu na akamaliza kazi, na mpaka leo macho hayamchoki. Lakini ukishaamua kuchora korongo, umeahidi watu shimo. Wape shimo.

Hatua ya nne: anga na vilima

Fanya haraka. Loweka turubai kidogo kwa chupa ya kupulizia, paka nyeupe yenye buluu kidogo juu, na kadiri unavyoshuka punguza buluu, ongeza nyeupe na tone la njano ya udongo. Mawingu mawili matatu, kingo laini, yasigombanie sifa na maji.

Nyuma kabisa mimi huweka mgongo wa milima ya Nyandarua, hata siku ambayo siuoni. Mto wenyewe umetoka huko, kwa hiyo sioni dhambi. Rangi yake ni buluu, nyeupe nyingi, na tone la nyekundu ili isiwe buluu ya madaftari. Paka umbo bapa, halafu chini yake, mahali linapokutana na msitu, fifisha kwa tambara lenye unyevu. Mlima uliofifia miguuni unarudi nyuma wenyewe.

Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari na asubuhi baridi ni kali, kwa hiyo akriliki inakupa nafasi ya kulainisha kingo. Ukifanyia kazi Mombasa au Dar mchana, rangi inakauka kabla hujageuza shingo. Pulizia maji kwenye sahani mara kwa mara, au chora usiku.

Hatua ya tano: msitu wa ng'ambo

Usichore mti hata mmoja. Chora fungu la miti. Kijani chake kitokane na ultramarini na njano ya ndimu, kisha ukitie nyekundu kidogo hadi kife nusu, na nyeupe hadi kifike ngazi ya 3. Gonga kwa ile brashi iliyotawanyika, juu pawe na mawimbi yasiyolingana. Upande unaopigwa na jua, gonga tena kwa ngazi ya 2. Miti miwili mitatu iinue shingo juu ya wenzake, kwa vimo tofauti. Ukiona unaanza kuhesabu majani, weka brashi chini ukanywe chai.

Hatua ya sita: mwamba, na ndani yake njia ya maji

Ukuta wa mwamba ndio utakaobeba kila kitu, kwa hiyo usiuharakishe. Changanya ultramarini na kahawia, ongeza nyeupe hadi ngazi ya 4, na upake ukuta mzima, pamoja na mahali maji yatakapopita. Ndiyo, funika hata njia ya maji. Wanafunzi hapa hunikatalia. Wanataka kuacha nafasi tupu ili waje kuijaza nyeupe. Nafasi ikiachwa, maji yanakuwa kiraka. Maji yanapita mbele ya jabali, kwa hiyo jabali liwepo kwanza.

Rangi ikiwa bado mbichi, chukua kisu chenye ngazi ya 3 iliyotiwa njano ya udongo, kilaze karibu bapa, kivute kwa pembeni na kwenda chini kwa miruko mifupi. Kisu kitashika mahali na kuruka mahali, na hapo utapata kingo za mawe bila kuzichora. Mipasuko ya mwamba isimame wima upande wa kulia na kuinamia maji upande wa kushoto. Nyuma ya maji kwenyewe weka giza tulivu lisilo na vurugu.

Kwenye vibao vya mwamba vilivyo karibu na maji kuna kangaga na majani yanayoishi kwa manyunyu. Yape kijani kizito, kilichokufa nusu, ngazi ya 3 hadi 4, na acha kijani kibichi kidogo tu mahali pawili ambapo jua limeingia. Chini ya ukuta, kwenye theluthi ya mwisho, anza kuufifisha mwamba: ongeza nyeupe na buluu, punguza tofauti ya giza na mwanga. Manyunyu yataupandia hapo, na ni rahisi ukianza kuutayarisha sasa.

Acha ikauke kabisa. Kabisa maana yake ukigusa kwa kidole hakuna ubaridi.

Hatua ya saba: maji

Maji yanapofika ukingoni bado hayajawa meupe. Yanateleza yakiwa mazima, yamenyooka, na rangi yake ni rangi ya mto. Baada ya mvua kubwa nimeukuta Ewaso Narok umekuwa chai ya maziwa. Wakati wa ukame ni chai ya rangi iliyochujwa. Kwa hiyo pale ukingoni weka utepe mwembamba wa njano ya udongo na kahawia, ngazi ya 3, wenye mng'ao mmoja wa ngazi ya 1 mahali maji yanapojikunja. Utepe huo wa nusu sentimita ndio unaomwambia mtazamaji kuwa maji yametoka mbali, nyuma ya ukingo. Taulo langu halikuwa nao.

Kisha andaa rangi tatu za maji. Ya kwanza ni kijivu cha buluu cha ngazi ya 3. Ya pili ni ngazi ya 2 yenye chembe ya njano ya udongo. Ya tatu ni ngazi ya 1. Nyeupe tupu ya tyubu iache ikiwa imefungwa.

Chukua brashi bapa ya sentimita moja, chovya kidogo kwenye kijivu, kisha ifute kwenye tambara hadi udhani hakuna kilichobaki. Anzia ukingoni, sogeza brashi kwa mlalo kidogo sana, ipinde, halafu ivute chini na kuiinua ikiwa bado inatembea, ili mpigo ufe wenyewe hewani. Maji hayadondoki wima tangu mwanzo. Yanaruka kwanza, ndipo yanaanguka. Ukikosa ule mpindo, umechora bomba.

Gawa maji mafungu yasiyolingana: moja nene, moja la wastani, na nyuzi mbili tatu zilizopotea njia pembeni. Kati ya mafungu acha mwamba uonekane. Matundu hayo ya giza yana thamani kuliko nyeupe yoyote uliyonayo. Mipigo mingine ianzie ukingoni, mingine ianzie katikati mahali maji yanapogonga kibao cha mwamba na kutawanyika. Kwenye kibao hicho maji yaruke nje kidogo kwa pande mbili, halafu yakusanyike tena.

Rangi ya pili ije juu ya ya kwanza, lakini ifunike nusu yake tu. Ukiwa na subira, chora hapa vile vichwa vya mishale ulivyoviona: mpigo mfupi unaonenepa chini na kuchongoka, na mkia mwembamba juu yake. Vitano sita vinatosha kuyaendesha maji yote.

Rangi ya tatu iende kwenye theluthi ya juu peke yake, upande unaopigwa na jua. Usiiteremshe chini. Kadiri maji yanavyoshuka yanazidi kuwa hewa, na weupe wake unachuja kuelekea kijivu. Watu hufikiri chini kwenye povu ndiko kuna weupe kuliko kote. Ukikodoa macho utaona kinyume chake: pale juu, maji mazito mbele ya mwamba mweusi, ndipo panapouma jicho.

Rudi nyuma, kunja macho hadi karibu kuyafumba. Au ipige picha kwa simu na uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama mkanda wa maji una kijivu kimoja toka juu hadi chini, bado ni taulo. Chukua ngazi ya 4 na brashi nyembamba ukatoboe matundu zaidi.

Hatua ya nane: manyunyu

Guo Xi, mchoraji wa China wa karne ya 11, aliwafundisha wenzake kwamba mlima ukiuonyesha wote haurefuki. Uuzungushie ukungu kiunoni. Na mto ukiuonyesha wote hauendi mbali. Ufiche mahali, uutokeze mahali. Miaka karibu elfu imepita na sijaona fundi aliyelipita hilo.

Kwa hiyo tusichore mahali maji yanapogota. Tutapafunika. Changanya nyeupe, buluu kidogo na chembe ya kahawia, ngazi ya 2, na uchukue ile brashi kuukuu. Ifute hadi iwe kavu kabisa, kisha sugua kwa mizunguko midogo, kwa uzito wa unyoya, kuanzia katikati ya dimbwi ukielekea juu na pembeni. Duru ya kwanza haitaonekana. Usiongeze rangi, acha ikauke dakika kumi, sugua tena. Duru ya tatu au ya nne, chini ya jabali patakuwa pameyeyuka, na miguu ya miti iliyo karibu itakuwa imezama. Manyunyu yapande zaidi upande mmoja, ule unakoelekea upepo. Yakipanda sawa pande zote mbili yanakuwa sketi.

Ukizidisha, usifute kwa maji mengi, utachubua. Rudisha mwamba kwa brashi kavu yenye ngazi ya 3 kupitia katikati ya ukungu. Mara nyingi marekebisho hayo yanakuwa mazuri kuliko mpango wa awali.

Hatua ya tisa: dimbwi na mto

Maji yaliyoanguka yamechorwa kwa mipigo ya kushuka. Maji yaliyolala yachorwe kwa mipigo ya mlalo, bila kuchanganya. Karibu na manyunyu dimbwi halina mipaka. Linapotoka ndani ya ukungu linashika rangi ya korongo: kijani kilichokufa na kahawia, ngazi ya 3. Mapovu machache yaelee kwa mistari mifupi iliyobanana kule mbali na kuachana yanapokuja karibu.

Mto uondoke kwa kupinda mara mbili, ukifichwa na mwamba mahali na kutokea tena. Pale unapoanzia uwe na upana wa sentimita moja, na unapotoka nje ya turubai chini kulia, uwe na nne au tano. Sasa mchore yule mtu wako wa milimita nne, kwenye jiwe pembezoni mwa dimbwi. Nukta ya kichwa, mpigo mmoja wa shati jekundu, basi. Usimpe uso. Mara tu anapokaa pale, ukuta wote wa mwamba unanyanyuka.

Hatua ya kumi: mbele, na sheria zinafunguliwa

Huku karibu ndiko ulikokuwa unawekea akiba. Ngazi ya 5 iingie sasa. Vichaka vya chini kushoto vipakwe giza zito lenye joto, kahawia nyingi kuliko buluu, na juu yake majani yenye kingo kali, kijani kibichi cha njano ya ndimu, mengine yaliyoungua na jua kwa njano ya udongo. Majani haya yawe makubwa bila haya. Jani moja la sentimita tatu hapa linakaribia kimo cha mti mzima kule chini, na jicho linajua maana yake.

Tawi moja liingie kutoka kulia na kukatiza mbele ya korongo, ncha yake ikipita mbele ya upindo wa manyunyu. Kitu kinapokifunika kingine, hakuna anayebisha kipi kiko mbele. Tawi liwe na vifundo, likonde kuelekea nchani, na majani yake yageukie pande tofauti.

Sasa fungua nyeupe ya tyubu. Una ruhusa ya kugusa mara saba: tatu kwenye maji pale juu, moja ukingoni mahali yanapojikunja, mbili kwenye umande wa majani ya mbele, na moja ibaki mfukoni kwa dharura. Mimi huishia na sita.

Acha turubai ikae siku tatu au nne mahali pasipo na vumbi, kisha ipake vanishi ya akriliki mikono miwili myembamba, wa pili ukikatiza wa kwanza. Vanishi inarudisha kina cha giza lililofifia wakati wa kukauka, na utashangaa mwamba ulivyoamka.

Na kama una nafasi kwenye lile tawi, weka kinyonga. Pale Nyahururu kuna watu wanaowabeba vinyonga kwenye vijiti ili wageni wapige nao picha, na kwangu mchoro wa mahali hapo bila yeye hauna mwenyeji. Mpe sentimita tano, mkia umejikunja, jicho moja linakutazama wewe na jingine limegeuka nyuma, kule chini kwenye shati jekundu la milimita nne.